Vipindi vya usiku vya Marekani: mwanamke anapewa kiti akishikie, si akikalie

ZamuYaUsiku (mleta mada)

Habari za saa hizi wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Ohio, zamu ya usiku, mwaka wa kumi na moja huu. Ukishawageuza, ukawapa dawa zao na kubadilisha shuka, kuanzia saa tano hivi korido yote inabaki na sauti za televisheni tu. Ikifika saa tano na dakika 35 inaanza ibada yao: mwanaume wa suti anatokea nyuma ya pazia, anasimama peke yake na kuchambua habari za siku kwa vichekesho, bendi inapiga, anakwenda kuketi nyuma ya meza, mgeni anakaa kochini. Mitandao yao mikubwa ya televisheni imezoea hivyo: NBC hivyo, CBS hivyo, ABC hivyo. Nilipofika sikuelewa hata kwa nini wanacheka. Sasa naelewa, ila kuna jambo nililichelewa kuliona, na aliyenionyesha ni bibi mmoja wa chumba cha mwisho, ana miaka tisini na ushee. Kila Jimmy Fallon, mtangazaji wa The Tonight Show ya NBC, akitokea, bibi huyu anasema, "Kile kiti kilikuwa cha Joan."

Mwanzo nilidhani ni usahaulifu wa uzee. Halafu nikaanza kufuatilia.

The Tonight Show ilianza NBC Septemba 1954. Waliokalia meza ile kwa kudumu ni Steve Allen, Jack Paar, Johnny Carson (Oktoba 1962 hadi Mei 1992, miaka thelathini kasoro miezi), Jay Leno, Conan O'Brien aliyeondoka baada ya miezi saba, Leno tena, na Fallon tangu Februari 2014. CBS walimweka David Letterman 1993, kisha Stephen Colbert 2015. ABC wana Jimmy Kimmel tangu 2003. Hesabuni majina ya kike humo, mimi nachemsha chai.

Joan anayetajwa na bibi ni mchekeshaji Joan Rivers. Mara ya kwanza kutokea kwa Carson ilikuwa Februari 17, 1965. Carson alimkubali usiku uleule, na baada ya hapo mlango ulifunguka. Ilipofika 1983 akawa ndiye mshika kiti rasmi: Carson akienda likizo (na alikuwa mzee wa likizo kwelikweli), Joan anakaa pale anaendesha kipindi. Wageni walikuja na watu walitazama. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa anaachiwa funguo za nyumba ila hati haina jina lake.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba ilimfikia orodha ya ndani ya NBC ya watu wanaofikiriwa kumrithi Carson. Majina kama kumi, wanaume watupu. Yule anayekishika kiti kila Carson akisafiri, hayumo hata mkiani.

Kwa hiyo Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, alipokuwa anaanzisha mtandao wa televisheni wa Fox akamwita, Joan akaenda. Oktoba 9, 1986 Fox ilianza kurusha matangazo na kipindi chake ndicho cha kwanza kabisa: The Late Show Starring Joan Rivers. (Ndiyo, jina hilo la The Late Show. CBS walianza kulitumia kwa Letterman miaka saba baadaye.) Joan alisema alimpigia Carson kumweleza, Carson akakata simu. Upande wa Carson walisema alichelewa, habari zilishamfikia kwa midomo ya wengine. Amini unayemtaka. Lililo wazi ni kwamba hawakuongea tena mpaka Carson anafariki 2005, na Joan hakukanyaga tena The Tonight Show, si enzi ya Carson tu, hata ya Leno na ya Conan.

Kule Fox nako hakukukalika. Mumewe, Edgar Rosenberg, alikuwa mtayarishaji wa kipindi na hakuivana na wakubwa. Wakamtaka Joan amtoe mumewe, akakataa, wakawatoa wote wawili Mei 1987. Agosti mwaka huohuo Edgar akajiua. Ndani ya mwaka mmoja mama huyu amepoteza kipindi, rafiki aliyemtoa kimaisha, na mume.

Fallon ndiye aliyemrudisha. Usiku wake wa kwanza, Februari 17, 2014, aliita mastaa wakapita mmojammoja kumlipa dau la dola 100 kwa utani, na Joan alikuwa kati yao. Tazameni tarehe hiyo. Ni miaka 49 kamili tangu usiku ule wa kwanza wa 1965. Machi akaja kukaa kochini kama mgeni. Septemba 4 akafariki.

Sasa hoja yangu. Watu wanasema wanawake hawakujaribu, au hawataki kukesha. Sio kweli. Faye Emerson alikuwa na kipindi chake cha usiku tangu 1949, kabla hata ya The Tonight Show kuzaliwa. Whoopi Goldberg alikuwa nacho 1992, Cynthia Garrett NBC mwaka 2000, Mo'Nique kule BET 2009, Wanda Sykes Fox mwaka huohuo, lakini Jumamosi tu. Robin Thede, Michelle Wolf, Busy Philipps, Sarah Silverman, wote walipewa kati ya 2017 na 2019. Wengi hawakufika miaka miwili. Wanawake wanapewa saa mbovu, au kebo, au mtandaoni, au mara moja kwa wiki, na uvumilivu wa kuhesabu kwa vidole.

Mfano wa Lilly Singh mnaujua wengi, yule dada wa Kanada mwenye asili ya India aliyetokea YouTube. Septemba 2019 NBC walimpa A Little Late, magazeti yakaimba. Saa ngapi? Saa saba na dakika 35 usiku! Hata wazee wangu wenye usingizi wa mang'amung'amu wameshalala. Na msimu wa kwanza alirekodi vipindi karibu mia ndani ya miezi mitatu, vikawekwa kabatini. Kipindi cha aina hii kinaishi kwa habari za leo, wewe unatoa utani wa miezi minne iliyopita. Juni 2021 kikaisha, watu wakasema "kumbe hakuwa anachekesha".

Povu ruksa.

---

Kibuyu Kitupu

Nimetandika mkeka. Mwenye kahawa alete.

---

Njugu Mawe

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka. Televisheni ni biashara. Kama wanawake wangekuwa wanaleta watazamaji, hao mabepari wangewaweka wote. Mzungu hana ubaguzi kwenye hela. Tukubali tu, kuchekesha ni fani ya wanaume, wanawake wana vipaji vingine.

---

ZamuYaUsiku

Kwanza ni dada, sio mkuu, lakini sina neno.

Pili, hebu tuitazame hiyo biashara. Oprah Winfrey aliendesha kipindi cha nchi nzima kuanzia 1986 hadi 2011. Ellen DeGeneres, huyo ni mchekeshaji haswa, alianzia jukwaani, na 1986 Carson alimwita kochini mara yake ya kwanza tu kutokea, heshima ambayo hakuna mchekeshaji wa kike aliyekuwa ameipata kabla yake. Alipokuja kupewa kipindi mwaka 2003 akapewa cha mchana, akakiendesha hadi 2022. Joan mwenyewe baada ya kufukuzwa usiku alipewa kipindi cha mchana mwaka 1989, na 1990 akashinda tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana. Mdomo ni uleule, kilichobadilika ni saa tu.

Kwa hiyo mchana anachekesha, jua likizama hachekeshi? Hicho ni kipaji au ni popo?

Mchana waliugawa zamani kuwa ni wa mama wa nyumbani, ndiyo maana hata tamthilia zao za mchana zinaitwa kwa jina la sabuni, kwa sababu kampuni za sabuni ndizo zilizozidhamini. Usiku ukawa wa baba anayeambiwa siku yake imekwendaje kabla hajalala. Mgawanyo huo haukutoka kwa watazamaji. Nina vyumba 22 hapa, waliobaki macho saa sita usiku wengi ni akina bibi.

---

Mpemba Mkimya

Assalaam alaykum. Dada, mimi nimecheka kuhusu popo.

Njugu Mawe, ndugu yangu, kwenu hakuna harusi? Mwanamke kutochekesha ni maneno ya mtu asiyewahi kupita nyuma ya nyumba siku ya singo. Wake zetu wanaigiza mabwana harusi, mashekhe, mabosi wa bandarini, mpaka watu wanalala chini. Na mipasho ya taarabu je? Mtu anapigwa kijembe mbele ya ukumbi mzima kwa ushairi, anabaki kutunza hela huku moyo unavuja. Kipaji kipo tele. Sema kimewekewa ukuta: ndani, na kwa wenyewe kwa wenyewe. Akitoka na kile kile nje ya ukuta, mbele ya wanaume, anaitwa mdomo mchafu. Nahisi hata hao wenzetu ukuta wao ni huohuo, umepakwa rangi nyingine.

---

Wa Kisauni

Niaje wadau. Mimi niko Mombasa, naomba niseme mbili.

Moja, huku Kenya hiyo ya mwanamke kukaa usiku si ngeni sana. The Trend ya NTV, Ijumaa usiku, alitoka Larry Madowo akaingia Amina Abdi Rabar, na watu walizoea mara moja. Hakuna mbingu ilianguka.

Mbili, mbona hujamtaja Trevor Noah? Mwafrika, kijana wa Soweto, akapewa The Daily Show, kipindi cha usiku cha kuchekesha kwa habari, 2015, akakaa miaka saba. Kama wazungu wangekuwa na roho mbaya hivyo angepataje?

---

ZamuYaUsiku

Nilikuwa namsubiri mtu amtaje Trevor, maana hapo ndipo hata mimi roho iliniuma pande mbili.

Nilishangilia Trevor alipotangazwa. Wafanyakazi wote Waafrika hapa tulishangilia, Mnigeria mmoja alileta hadi wali wa jollof. Lakini tazama hesabu ya siku ile. Samantha Bee alikuwa The Daily Show tangu 2003, miaka kumi na miwili, hakuna ripota aliyekaa pale muda mrefu kuliko yeye. Trevor alikuwa amejiunga Desemba 2014 na ametokea mara tatu. Kiti kilipita juu ya kichwa cha Samantha kama ndege ya Zanzibar inavyopita juu ya Bagamoyo. Simlaumu Trevor hata kidogo, na kazi aliiweza. Ila kama uzoefu ndio kigezo wanachotuambia, walikitumia lini?

Na kile kipindi chenyewe kilibuniwa 1996 na wanawake wawili, Lizz Winstead na Madeleine Smithberg. Hata Late Night, kipindi cha Letterman cha kule NBC kabla hajahamia CBS, mkuu wa waandishi wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Merrill Markoe. Wanapika, wanapakua, mezani hawapo.

Samantha akatoka akaanzisha chake TBS, chaneli ya kebo. Septemba 2015, kabla hakijaanza, Vanity Fair likatoa picha ya watangazaji wa usiku, wanaume kumi wamevaa suti na glasi za pombe, na maelezo kwamba vipindi vya usiku sasa ni bora kuliko wakati wowote. Samantha aliichukua picha ileile akajipachika katikati, kiwiliwili cha farasi, macho yanatoa miali, akairusha mtandaoni na neno moja: bora zaidi. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha dawa.

Lakini lililonigusa zaidi ni namna alivyoajiri waandishi. Maombi yote yalisomwa bila majina. Na kwa kuwa alijua wageni wa fani hawajui script hupangwaje, aliwatumia wote maelekezo ya upangaji, ili aliyekulia ndani ya vilabu vya New York na yule wa kijijini karatasi zao zifanane. Walipofunua majina, karibu nusu walikuwa wanawake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la nani anakaa mezani hujibiwa mapema sana, kwenye chumba ambacho kamera haiingii. Mwaka 2009 Nell Scovell, aliyewahi kuandika kwa Letterman, alionyesha kwamba wanawake kwenye Mahakama Kuu ya Marekani walikuwa wengi kuliko waandishi wa kike wa Letterman, Leno na Conan ukiwajumlisha. Mahakamani walikuwa wawili. Kwa hao mabwana watatu, sifuri.

Huwezi kuwa mrithi kama hujawahi kuingia jikoni. Mchekeshaji Amber Ruffin aliingia kwa Seth Meyers, mtangazaji wa Late Night ya NBC, 2014, mwanamke mweusi wa kwanza kuandikia kipindi cha usiku cha mtandao mkubwa wa Marekani. Hebu rudia huo mwaka. Elfu mbili na kumi na nne! Obama yuko awamu ya pili. Kuna kipengele anakifanya na mwenzake Jenny Hagel, cha utani ambao Seth hawezi kuusema: Seth anasoma nusu, wao wanamalizia, kwa sababu kikitoka mdomoni mwa mzungu mwanaume kitamgeuka. Yaani kipindi chenyewe kinakiri kila mara kwamba kuna mambo mtu wa kiti kile hawezi kuyasema. Wakampa Amber kipindi chake mwaka 2020, kule Peacock, mtandaoni. Saa tano na nusu zimebaki za walewale.

---

Chachandu

Dada hoja ina mashiko lakini na wewe unachagua. Mchekeshaji Taylor Tomlinson mbona humtaji? CBS walimpa After Midnight Januari 2024, mtandao mkubwa kabisa, baada ya Colbert. Walitaka kuendelea naye, mwenyewe akasema anarudi kwenye ziara zake za jukwaani, kipindi kikafa Juni 2025. Hapo nani alimnyanyasa? Mtu kaachiwa kiti kaamka.

---

ZamuYaUsiku

Chachandu hapo umenishika, nakubali. Nilimruka makusudi kwa sababu ananiharibia mtiririko. Aliondoka mwenyewe na haki yake.

Ila ongeza na hili. Saa yake ilikuwa saa sita na dakika 37 usiku, na hakikuwa kipindi cha meza na kochi, kilikuwa shindano la wachekeshaji. Kwa mchekeshaji wa umri wake, kumbi za ziara zinajaa na hela ni yake, bila kuomba ruhusa ya bosi. Kiti ambacho Joan alipoteza rafiki kwa ajili yake, binti wa leo anakiangalia anaona ni kigoda. Na alipoondoka, CBS hawakutafuta mwingine. Saa ile ilirudi kwa Byron Allen na wachekeshaji wake.

Mwezi mmoja baadaye, Julai 2025, CBS wakatangaza The Late Show yenyewe inafungwa Mei 2026. Walisema hawatafuti mrithi wa Colbert, wanafunga duka. Wao wanasema ni hasara, wengine wanasema ni siasa, sitaki kuingia huko, uzi utafungwa. Nasema tu nilivyoona mimi: tunagombania nafasi kwenye daladala na dereva ameshazima gari.

---

Njugu Mawe

Haya, kwenye Ellen na Joan nimekubali. Lakini sasa kama gari limezimwa, malalamiko ya nini? Waende YouTube kama kila mtu.

---

Binti Mwambao

Njugu Mawe, malalamiko ni kwa sababu nafasi za kukosea hazigawanywi sawa.

Mimi sio wa Marekani. Nilikuwa mtangazaji wa redio, sitaitaja. Niliomba kipindi cha usiku, saa nne hadi saa saba. Nikaambiwa usiku ni wa wanaume, nitarudije nyumbani? Nikasema gari la ofisi linalompeleka kaka anayekishika sasa hivi linipeleke na mimi. Wakacheka. Mwaka uliofuata kaka yule alipougua, nilikishika wiki sita, na gari lilipatikana. Alipopona nikarudishwa kwenye mapishi na malezi. Simu za wasikilizaji za wiki zile sita ninazo kwenye daftari hadi leo.

Carson alipewa miaka thelathini. Conan alipotolewa 2010 alilipwa mamilioni, na mwaka huohuo TBS wakampa meza nyingine. Joan alipewa miezi saba, na baada yake meza ya usiku haikumjia tena. Mwanaume akianguka, ameanguka yeye. Akianguka mwanamke, wanasema "tulijaribu mwanamke".

---

Mpemba Mkimya

Binti Mwambao, hilo daftari lihifadhi.

---

Kibuyu Kitupu

Nimekunywa kahawa yote peke yangu. Swali la mgeni: hivi hivi vipindi huku Dar tunaweza kuviona moja kwa moja saa ngapi? Maana mnasema usiku usiku.

---

ZamuYaUsiku

Mkuu, saa tano na dakika 35 za huku, kwenu ni saa kumi na mbili na dakika 35 asubuhi, na kipindi cha baridi wakirudisha saa nyuma inakuwa saa moja na dakika 35. Utakuwa na chapati mkononi. Labda kwa saa za Dar ndiyo wangewapa wanawake, ni mchana.

Binti Mwambao nimekuandikia inbox.

Nitarudi kwenye mengine kesho, naingia zamu. Bibi wa chumba cha mwisho ameshabonyeza kengele, anataka nimtafutie rimoti, na najua atakachosema Fallon akitokea.